Shajara ya mradi: kupanga usafirishaji wa mahindi ya Nyanda za Juu Kusini kwa mbinu ya gharama ndogo zaidi

Mei, wiki ya kwanza: data na mipaka ya swali

Mradi huu unatengeneza programu ndogo ya kompyuta kwa ajili ya mtu au chama cha ushirika chenye mahindi katika maghala kadhaa na wanunuzi katika miji kadhaa, ili kiweze kuamua tani ngapi zitoke ghala lipi ziende mji upi kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana. Katika utafiti wa operesheni swali la namna hii huitwa tatizo la usafirishaji. Umbo lake halibadiliki: kuna vyanzo vyenye akiba inayojulikana, kuna vituo vyenye mahitaji yanayojulikana, na kwa kila chanzo na kila kituo kuna gharama ya kusafirisha tani moja kati yao. Huchukuliwa pia kwamba tani kumi hugharimu mara kumi ya tani moja. Dhana hiyo haimfai sana mwenye mzigo mdogo, kwa kuwa semitrela iliyojaa nusu hulipiwa karibu sawa na iliyojaa, lakini kwa mamia ya tani tofauti hiyo humezwa na ukubwa wa mzigo wenyewe, hivyo tumeikubali.

Maghala tuliyoyachagua ni ya Makambako, Songea na Sumbawanga. Tani zote zitakazotajwa humu ni za mfano, tulizozipanga wenyewe ili hesabu ziweze kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Umbali ni wa barabara halisi, ila umekadiriwa hadi hamsini iliyo karibu: Songea hadi Makambako ni kilometa 300, Sumbawanga hadi Makambako kupitia Tunduma na Mbeya ni 500, na Makambako hadi Dar es Salaam kupitia Iringa na Morogoro ni 650. Gharama tunaipima kwa tani-kilometa, yaani tani zikizidishwa kwa kilometa zinazosafiri, badala ya shilingi, kwa sababu nauli ya lori hupanda na kushuka kufuatana na bei ya dizeli, msimu wa mavuno na upatikanaji wa mzigo wa kurudi, wakati barabara haiongezeki urefu kwa sababu ya msimu. Najua dereva yeyote atacheka akisikia kwamba kilometa ya mlima Kitonga tumeihesabu sawa na kilometa ya tambarare ya Mikumi. Suala hilo litashughulikiwa baadaye, baada ya mbinu yenyewe kueleweka.

Mei, wiki ya pili: mbinu yenyewe na jaribio la kwanza

Mbinu ya gharama ndogo zaidi inaeleweka haraka. Katika jedwali la gharama hutafutwa kisanduku chenye namba ndogo kuliko zote, kisha hupewa mzigo mkubwa kadiri akiba ya chanzo na mahitaji ya kituo yanavyoruhusu. Chanzo kilichoisha au kituo kilichotoshelezwa hufutwa, ndipo hutafutwa kisanduku kidogo kinachofuata kati ya vilivyobaki, na kazi huendelea hivyo hadi akiba yote iwe imegawiwa. Visanduku viwili vikilingana, sisi tunakipa kipaumbele kile kinachoweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Kinachopatikana huitwa suluhisho la awali linalokubalika: hakuna ghala lililotoa zaidi ya lilichonacho, hakuna mji uliopungukiwa, na visanduku vilivyotumika, kwa kawaida, ni idadi ya vyanzo jumlisha idadi ya vituo kasoro kimoja.

Kwa jaribio la kwanza tulikuwa na tani 400 Makambako, 500 Songea na 300 Sumbawanga, zikienda Dar es Salaam tani 600, Dodoma 350 na Morogoro 250. Kutoka Makambako, Dodoma na Morogoro kila moja iko umbali wa takriban kilometa 450. Programu iliipa Dodoma tani zake zote 350 kutoka Makambako, ikapeleka Morogoro tani 50 zilizosalia hapo, ikaongezea Morogoro 200 kutoka Songea, na Dar es Salaam ikapata 300 za Songea na 300 za Sumbawanga. Jumla ilikuwa tani-kilometa 960,000.

Ili kupata kitu cha kulinganisha, tuliendesha pia mbinu ya kona ya kaskazini-magharibi, ambayo huanza kisanduku cha juu kushoto na kushuka ngazi kwa ngazi bila kutazama gharama hata kidogo. Mgawo uliotoka ulikuwa tofauti kabisa: mahindi yote ya Makambako yalikwenda Dar es Salaam, na Morogoro ikalishwa na Sumbawanga peke yake. Jumla yake nayo ilikuwa 960,000.

Sababu iko barabarani. Lori la Songea na lori la Sumbawanga, liwe linakwenda Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, hupita Makambako katika njia zote tulizozipima. Kila umbali katika jedwali hilo ni umbali wa kufika Makambako ukijumlishwa na umbali wa kutoka Makambako, na kwa kuwa tani zote za Songea zitatembea kilometa 300 za mwanzo vyovyote iwavyo, na tani zote za Dar es Salaam zitatembea kilometa 650 za mwisho vyovyote iwavyo, hakuna mgawo unaoweza kupunguza wala kuongeza hata kilometa moja. Mahali ambapo njia zote hupitia lango moja, hakuna la kuchagua. Nimeona mifano ya kufundishia ambamo gharama hubuniwa ovyo ili mbinu moja ionekane bora kuliko nyingine, na naona jedwali hili lisilo na mshindi linafundisha zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba faida ya kupanga haitokani na ukubwa wa namba. Inatokana na mahali njia zinapoachana.

Mei, mwishoni: Mbeya na Tabora zinaingia

Tuliiondoa Morogoro na kuingiza miji miwili ambayo haipo ng'ambo ya lango lile. Mbeya iko kati ya Sumbawanga na Makambako, kilometa 350 kutoka ya kwanza na 150 kutoka ya pili. Tabora inafikika kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Mpanda, takriban kilometa 600, ilhali kutoka Makambako njia ya lami hupitia Iringa, Dodoma, Manyoni na Itigi, takriban 800. Akiba ya Sumbawanga tuliipandisha hadi tani 600. Jedwali likawa hivi, kwa kilometa:

| | Mbeya | Dar es Salaam | Dodoma | Tabora | Akiba (tani) |
|---|---|---|---|---|---|
| Makambako | 150 | 650 | 450 | 800 | 400 |
| Songea | 450 | 950 | 750 | 1,100 | 500 |
| Sumbawanga | 350 | 1,150 | 950 | 600 | 600 |
| Mahitaji (tani) | 300 | 650 | 350 | 200 | 1,500 |

Namba ndogo kuliko zote ni 150, hivyo mbinu iliipa Mbeya tani zake zote 300 kutoka Makambako. Iliyofuata ni 450 ya Makambako na Dodoma, iliyopata tani 100 zilizosalia. Kisha 600 ya Sumbawanga na Tabora ilipata 200, 750 ya Songea na Dodoma ilipata 250, 950 ya Songea na Dar es Salaam ilipata 250, na mwisho, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kupeleka, tani 400 za Sumbawanga zilisafiri kilometa 1,150 hadi Dar es Salaam. Visanduku sita vimetumika, kama kanuni inavyotaka kwa vyanzo vitatu na vituo vinne. Jumla ni tani-kilometa 1,095,000.

Kona ya kaskazini-magharibi, ambayo haikuziangalia gharama, ilitoa 1,095,000 vilevile. Mbinu ya Vogel, ambayo hupima hasara ya kukikosa kisanduku bora katika kila mstari na kila safu na ambayo vitabu vingi huisifu kwa kukaribia jibu bora kuliko hizi mbili, ilikumbana na hasara nne zilizolingana kwenye hatua ya kwanza kabisa. Tulipozitenganisha kwa kuchagua kisanduku chenye gharama ndogo, ikaangukia palepale pa Makambako na Mbeya na kumaliza kwa 1,095,000. Mbinu tatu zenye sifa tofauti zilikubaliana juu ya jibu ambalo, kama inavyoonekana hapa chini, si bora.

Juni, wiki ya kwanza: malori yanayopishana

Ili kupima ubora wa jibu tulitumia mbinu ya MODI (kifupi cha Kiingereza cha “modified distribution”, yaani mgawo uliorekebishwa). Kila chanzo hupewa bei yake ya ndani na kila kituo hupewa yake, kwa sharti kwamba katika kila kisanduku kilichotumika bei hizo mbili zijumlishwe ziwe sawa na gharama ya kisanduku. Tukianza na sifuri kwa Makambako, Mbeya hupata 150 na Dodoma 450. Kupitia Dodoma, Songea hupata 300. Kupitia Songea, Dar es Salaam hupata 650. Kupitia Dar es Salaam, Sumbawanga hupata 500. Na Tabora hupata 100. Baada ya hapo huulizwa kila kisanduku kitupu: je, gharama yako ni ndogo kuliko jumla ya bei mbili zinazokuhusu? Visanduku vitano kati ya sita vilijibu hapana. Kimoja, cha Sumbawanga na Mbeya, kina gharama ya 350 ilhali jumla ya bei zake ni 650. Tofauti ni 300 chini.

Hiyo 300 haikutoka hewani. Katika mpango wetu, lori la Sumbawanga linaloelekea Dar es Salaam linapita katikati ya Mbeya likiwa na mahindi, halishushi chochote, na linaendelea kilometa 150 hadi Makambako. Wakati huohuo lori lingine linatoka Makambako na mahindi yaleyale, linarudi kilometa 150 hadi Mbeya kushusha. Mahali fulani karibu na Igawa malori hayo yanapishana. Kilometa 150 za mmoja na 150 za mwingine ndizo 300 ambazo hesabu imezitaja, na kwa kila tani itakayoshushwa Mbeya na lori la Sumbawanga, zote hizo zinaokolewa. Mbinu ya gharama ndogo zaidi haikuweza kuliona hilo kwa sababu inatazama kisanduku kimoja kimoja, na upishano hauonekani ndani ya kisanduku kimoja. Unahitaji angalau visanduku vinne ili uonekane.

Marekebisho yalifanyika kwa mizunguko miwili, yaani minyororo ya visanduku inayojifunga, ambamo tani huongezwa na kupunguzwa kwa zamu. Wa kwanza ulikuwa mrefu, wa visanduku sita: Mbeya ilipokea tani 250 kutoka Sumbawanga, Makambako ikaongeza kiasi hichohicho kwa Dodoma, Songea ikaachana na Dodoma na kupeleka mahindi yake yote Dar es Salaam, na jumla ikashuka hadi 1,020,000. Bei za ndani zilipokokotolewa upya, kisanduku cha Makambako na Dar es Salaam ndicho kilichodai nafasi, nacho kikapewa tani 50 zilizokuwa zimebaki kwenye safari ya Makambako hadi Mbeya. Hapo jumla ikawa 1,005,000 na hakuna kisanduku kitupu ambacho tofauti yake ilikuwa chini ya sifuri. Mpango bora basi ni huu: Sumbawanga ilishe Mbeya tani 300, Tabora 200 na Dar es Salaam 100, Songea ipeleke tani zake zote 500 Dar es Salaam, Makambako ipeleke Dodoma 350 na Dar es Salaam 50. Gharama iliyookolewa ni tani-kilometa 90,000, zaidi kidogo ya asilimia 8, nayo ni sawasawa na tani 300 za Mbeya zikizidishwa kwa kilometa 300 za upishano.

Visanduku viwili vitupu, cha Songea na Dodoma na cha Sumbawanga na Dodoma, vilibaki na sifuri kamili. Maana yake ni kwamba kuna mipango mingine yenye gharama ileile, na mwenye mzigo anaweza kuchagua kwa sababu ambazo jedwali halizijui, kwa mfano ubora wa ghala au uaminifu wa msafirishaji. Tumeamua programu iionyeshe mipango hiyo badala ya kuificha.

Wazo la kutafuta upishano ni la zamani kuliko mbinu tunazozifundisha leo. Mwaka 1930 A. N. Tolstoi, aliyeshughulikia mipango ya reli katika Umoja wa Kisovieti, aliandika kuhusu kupunguza jumla ya kilometa za mizigo, na alitatua jedwali la vyanzo 10 na vituo 68 kwa kukagua mizunguko ya namna hii. Frank Hitchcock wa Marekani alichapisha umbo la tatizo kama tunavyolijua mwaka 1941. Tjalling Koopmans alilifikia kwa njia yake wakati wa Vita Kuu ya Pili alipokuwa akishughulikia safari za meli za mizigo, na mwaka 1975 yeye na Leonid Kantorovich walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Nimefurahi kuona kwamba Tolstoi naye alihesabu kwa kilometa.

Juni, wiki ya pili: mahindi yanayobaki ghalani

Jedwali linalolingana pande zote mbili ni nadra. Tuliipa Songea tani 600 badala ya 500 na kuacha mahitaji yalivyokuwa, hivyo tani 100 zikakosa mnunuzi. Utaratibu wa kawaida ni kuongeza kituo bandia chenye mahitaji ya tani 100 na gharama ya sifuri kutoka kila ghala, na chochote kitakachopelekwa huko maana yake kimebaki ghalani.

Hapa mbinu ya gharama ndogo zaidi inahitaji kushikwa mkono. Sifuri ni ndogo kuliko namba zote, kwa hiyo mbinu ikifuatwa neno kwa neno itaanza kwa kukijaza kituo bandia, na kwa kuwa sifuri zote tatu zinalingana, itaanzia mstari wa juu, ambao ni Makambako. Matokeo ni kwamba mahindi yaliyo karibu zaidi na soko ndiyo yanayoachwa ghalani. Jumla ilifika 1,125,000. Tulipoiagiza programu ikiache kituo bandia hadi mwisho, tani 100 zilibaki Sumbawanga na jumla ikawa 1,075,000. Baada ya marekebisho ya MODI, mpango bora ulifika 985,000, mahindi ya ziada yakiwa bado Sumbawanga. Ni jambo linaloeleweka hata bila hesabu, kwani Sumbawanga ndiyo yenye bei ya ndani kubwa kuliko nyingine mbili: tani isiyosafirishwa kutoka huko ndiyo inayookoa zaidi. Kanuni ya kuacha kituo bandia hadi mwisho sasa imo ndani ya msimbo na mtumiaji hawezi kuizima.

Mpango huo wa 985,000 ulileta tatizo la pili. Vyanzo vitatu na vituo vitano vinahitaji visanduku saba, lakini vilivyobeba mzigo ni sita tu, kwa sababu safari ya Sumbawanga hadi Dar es Salaam ilishuka hadi sifuri sawasawa wakati tani 100 za ziada za Songea zilipochukua nafasi yake. Visanduku vikipungua, mnyororo wa bei za ndani hukatika: Sumbawanga, Mbeya, Tabora na kituo bandia vinabaki kisiwa ambacho hakiunganiki na Makambako na Songea. Dawa yake ni kukiweka kisanduku kimoja kwenye orodha ya vilivyotumika kikiwa na mzigo wa sifuri. Kisanduku hicho hakichaguliwi kiholela, ni lazima kiunganishe visiwa viwili bila kufunga mzunguko. Tulikichagua cha Sumbawanga na Dar es Salaam, bei zikakamilika, na ukaguzi ukathibitisha kwamba 985,000 haiwezi kupunguzwa.

Juni, wiki ya tatu: Mtwara

Ingizo fupi. Tuliyapatia mahindi ya ziada ya Songea mnunuzi wa tani 100 Mtwara, kilometa 650 kwa barabara ya Tunduru na Masasi. Kutoka Makambako ni 950 na kutoka Sumbawanga 1,450, zote kupitia Songea. Mbinu ya gharama ndogo zaidi iliuona mlango huo yenyewe na kuupa Songea bila kusukumwa. Jumla ya awali ilikuwa 1,160,000 na ya mwisho 1,070,000. Tofauti ni 90,000 zilezile, na chanzo chake ni upishano uleule wa Mbeya.

Juni, mwishoni: hali ya programu na kazi zilizobaki

Programu sasa hufanya kazi kwa sehemu mbili. Ya kwanza hutumia mbinu ya gharama ndogo zaidi kupata mpango wa kuanzia, nayo tumeibakiza kwa sababu ni rahisi kuieleza kwa mtu ambaye hajasoma hesabu hizi na, katika majedwali tuliyoyajaribu yenye njia zinazoachana mapema, ilituacha karibu na jibu bora. Ya pili hukagua na kurekebisha kwa MODI hadi pasibaki kisanduku kilicho chini ya sifuri. Mtumiaji haoni mpango wa kwanza kama jibu. Kila kisanduku kinapoingia, programu huandika kwa sentensi ya kawaida ni malori ya ghala lipi yaliyokuwa yakipishana na yapi, na katika kipande gani cha barabara, kwa sababu katika majaribio ya kuwaonyesha watu wa biashara ya nafaka sentensi hiyo ndiyo waliyoijadili, wala si jedwali la bei za ndani.

Kazi inayofuata ni kuondoa kilometa na kuweka nauli. Kwa kila kipande cha barabara tutaweka bei yake, Kitonga ikihesabiwa peke yake. Reli ya TAZARA, inayopita Mbeya na Makambako na kufika Dar es Salaam kupitia Mlimba na Ifakara bila kugusa miji ya Iringa na Morogoro, itaingizwa kama njia ya pili kati ya vituo hivyo. Bei ya reli ikiwa chini vya kutosha, gharama ya Sumbawanga hadi Dar es Salaam haitakuwa tena safari ya lori kutoka mwanzo hadi mwisho. Lori litaishia Mbeya na kupakua stesheni, na kwa hiyo jedwali litahitaji vituo vya katikati ambavyo umbo la sasa la tatizo halina.

Jaribio la kwanza la umbo hilo jipya litatumia tani zilezile za mwisho wa Mei, ili tofauti yoyote itakayojitokeza iwe imetokana na reli peke yake.